Kura Iliyotoka Al Aweer

Fanuel Nabiswa alikuwa mlinzi wa lango katika soko kuu la mboga na matunda la Al Aweer, kule Dubai inakoishia na jangwa linakoanza. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za malori yanayoingia, kuwaambia madereva wasiegeshe mbele ya mizani, na kusimama juani. Watu wa kwao waliofanya kazi mjini humo walimjua kwa jambo jingine. Walisema Fanuel alikimbia shamba kwa ndege lakini moyo akauacha kwenye matuta. Lori likileta mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, kutoka Kenya, aliomba ashike michache, akavunja mmoja kusikiliza ulivyokatika, kisha akatangaza kama ulichelewa kuchumwa au la. Wapakuzi walimwangalia tu na kuendelea na masanduku yao.

Kwao kulikuwa Namukelo, kilima kirefu magharibi mwa Kenya chenye udongo mwekundu na chemchemi mbili. Baba yake alikuwa amekufa zamani. Shamba lililimwa na mama yake, Serah, kwa pesa ambazo Fanuel alituma na kwa mikono ambayo mama mwenyewe hakukubali kuipumzisha. Chini ya kilima palikuwa na mji. Fanuel alipokuwa mtoto, mji huo ulikuwa duka la mbolea, kanisa na kituo cha polisi. Sasa ulikuwa unapanda mlima kama maji ya mafuriko. Kila aliyekwenda likizo alirudi na habari ya kona iliyokwisha: kwa fulani pamejengwa vyumba vya kupangisha, kwa fulani pana kituo cha mafuta. Na kadiri mji ulivyosogea, ndivyo wathamini wa kaunti walivyoanza kuyahesabu mashamba kama ploti. Mtu mwenye ng'ombe wawili na mahindi ya kula alijikuta akidaiwa kodi ya ardhi sawa na mwenye ghorofa. Wengi waliuza kwa sababu hiyo tu, si kwamba walitaka.

Ndipo kaunti ikaleta mpango. Wenye mashamba yanayopakana wangeweza kuungana, wakaandikisha ardhi yao kuwa ukanda wa kilimo, na kuahidi kwamba kwa miaka kumi hawatakata ploti wala kujenga nyumba za kupangisha. Nao wangetozwa kodi ndogo, kodi ya mkulima. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa zito. Ardhi ya ukanda ikipungua kupita kiasi, au ikikatika katikati, ukanda wote ungefutwa, na kila mwenye shamba angelipa kodi yote aliyokuwa amesamehewa tangu mwanzo.

Kila wadi ilipewa kamati ya ushauri ya wakulima saba, wa kukagua mashamba na kusikiliza maombi. Kamati ilishauri tu, na kaunti ndiyo iliyoamua. Lakini hakuna aliyewahi kusikia kaunti imeamua tofauti na kamati. Kiti kimoja kilitengewa wenye ardhi wanaoishi mbali, kwa maana nusu ya Namukelo ilikuwa mali ya watu walioko Nairobi, Doha na Dubai. Watu hao wakamchagua Fanuel. Siku aliyopata habari alimpigia mama yake, na mama akasema baba yake angefurahi, kisha akamwonya kwamba kiti cha kamati hakina mto.

Kazi yake ya kwanza, tena ngumu kuliko zote, ilikuwa Jeremy.

Shamba la Jeremy lilikuwa katikati ya kilima, limetenganishwa na la Serah kwa mfereji tu. Fanuel na Jeremy walisoma darasa moja, wakaiba ndizi pamoja, wakaja Dubai mmoja akimvuta mwenziwe. Jeremy alikuwa msafisha vioo vya maghorofa. Alining'inia kwenye kamba kuanzia asubuhi, na jioni alishuka akiwa bado na maneno ya kuchekesha watu ndani ya basi la kampuni. Mkewe, Caren, alibaki Namukelo na watoto.

Walikutana Jumapili moja baada ya ibada, watu wa Namukelo walioko Dubai, kwenye nyasi karibu na kituo cha mabasi cha Al Ghubaiba upande wa Bur Dubai. Fanuel alieleza mpango tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine walikubali upesi. Jeremy alikaa akichuna majani ya nyasi hadi watu wote walipomgeukia. Maana bila shamba lake ukanda ungekuwa vipande viwili visivyotosha.

"Kwa mtu maskini shamba ndiyo hospitali," alisema mwishowe. "Mtoto akiugua unauza kona. Wewe sasa unataka niitie kufuli hiyo hospitali, halafu ufunguo niwape kamati."

"Kwenye kamati nimo mimi," Fanuel akamjibu. "Ukikwama, ufunguo ninao."

Jeremy akacheka, akasema basi, kama ufunguo uko kwa mwizi wa ndizi, hana wasiwasi. Akatia sahihi.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na Fanuel aliionea fahari. Kodi ilishuka kwa wote. Barabara ya lami iliyotajwa kila uchaguzi haikufika, lakini mahindi yalifika. Serah alipanda maharagwe katikati ya mahindi, akaongeza ng'ombe. Caren alichimba bwawa dogo kando ya chemchemi na kuuza sukuma wiki mjini. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Henry, mwalimu mstaafu aliyesema kila jambo polepole kana kwamba anaandikisha imla, alituma picha za ukaguzi: mazao kando ya mazao, mpaka kwa mpaka. Simu za WhatsApp hazipiti Dubai, kwa hiyo kamati ilikubali Fanuel ahudhurie vikao kwa kutumiwa sauti na kutuma yake. Alizisikiliza kwenye kibanda cha lango, kofia mezani, akitikisa kichwa kama aliye mbele yao. Alipanga kumaliza mkataba alionao na kurudi kulima.

Jeremy alianza kuvimba miguu wakati wa joto kali. Mwanzoni alilaumu viatu. Baadaye uso nao ukajaa asubuhi, na pumzi ikawa inamkatikia kwenye kamba. Wenzake walimwambia anywe maji zaidi. Alikunywa, akavimba zaidi. Alipokwenda hospitali, daktari alimwambia figo zake zote mbili zimekwisha, na kwamba kuanzia hapo damu yake itasafishwa kwa mashine. Kampuni haikumtesa. Ilimlipa haki yake ya mwisho, ikamkatia tikiti, ikafuta viza. Msimamizi wake alimshika bega na kumwambia khalas, basi, nenda nyumbani ukapone, inshallah.

Kabla ya kusafiri alikuja Muhaisnah, kwenye kambi aliyoishi Fanuel. Chumba kilikuwa na vitanda vya juu na chini, na siku hiyo waliokuwemo ni Fanuel na Hamuza, Mganda aliyelala kitanda cha chini yake, mlinzi mwenzake kule sokoni. Hamuza aliona hali ya mgeni, akachemsha chai, akainywa nusu yake amesimama mlangoni ili awape nafasi.

Jeremy hakufanya mzaha wowote. Alisema mdogo wake amekubali kumpa figo moja, na kwamba upasuaji unafanyika India. Kuna mtu wa mjini anayetaka ile kona ya chini ya shamba lake, inayogusa barabara. Ataomba kamati imruhusu kuiuza. Sheria ilikuwa na kifungu cha shida isiyoepukika, alikuwa amekisoma.

"Ile kona ndiyo inayounganisha juu na chini," Fanuel alisema.

"Najua inakounganisha. Mimi ndiye ninayeilima."

"Itakatika, Jeremy."

"Ulisema ufunguo unao wewe."

Fanuel alisema wataona, maombi yaje kwanza, kila jambo lina njia. Jeremy aliitikia kwa kichwa. Aliomba asaidiwe kusimama, na Fanuel alipomshika mkono, kidole chake kilizama katika nyama na kuacha shimo lililokawia kufutika.

Maombi yalifika kwa kamati mvua za vuli zilipoanza. Walikaa katika ukumbi wa shule ya msingi, na Mzee Henry akamtumia Fanuel sauti moja baada ya nyingine. Fanuel alikuwa langoni, zamu ya mchana, malori ya vitunguu yamepanga foleni hadi barabara kuu. Alisikiliza vipande vipande, simu ikiwa sikioni, mkono mwingine ukiashiria malori yapite.

Mmoja wa kamati alisema huyu ni mtu, na ardhi ni ardhi, aruhusiwe. Mwingine alisema akiruhusiwa yeye, wenzake wote wa ukanda watatwishwa kodi ya miaka iliyopita. Wako wajane humo, wako wazee, nao watauza ili walipe, na huo ndio utakuwa mwisho wa Namukelo. Mwanamke mmoja, ambaye Fanuel alimjua tangu utoto, alisema kwa sauti inayotetemeka kwamba Jeremy ni mwana wa dada yake, na hata hivyo yeye hawezi kuwaambia watu wazima wapoteze mashamba yao. Mwisho Mzee Henry alisema, polepole kama kawaida yake, kwamba watatu wanakubali na watatu wanakataa.

"Mheshimiwa Nabiswa," alimalizia, "tumebaki nawe. Tunakusubiri hapa hapa, hatuondoki."

Fanuel alimwomba Hamuza ashike lango, akaingia kibandani. Kulikuwa na ujumbe mwingine, wa mama yake, uliotangulia sauti hizo zote asubuhi ile. Serah alikuwa amesikia kwamba siku ndiyo hiyo. Alisema: "Mwanangu, usinihesabu mimi. Ukisema neno lako, liseme kama mtu asiye na mama kwenye kile kilima."

Lakini alimhesabu. Alimwona mama yake akipelekewa hati ya kodi ya miaka yote kwa mpigo. Akawaona wale waliotia sahihi pale Al Ghubaiba kwa sababu yeye aliwaambia watie. Aliwaza watakavyosema Nabiswa aliwafungia ndani ya nyumba, kisha yeye mwenyewe akaichoma. Na hapa ndipo alipojidanganya, au pengine hakujidanganya, hata baadaye hakuweza kujua: aliona njia ya tatu. Wangemchangia Jeremy. Watu wa Namukelo walijaa Ghuba nzima. Kila mmoja akitoa kidogo, upasuaji ungefanyika na shamba lingebaki. Alipoona hivyo moyo ulimtulia ghafla, kama mtu aliyepata pa kutua mzigo.

Hamuza alichungulia dirishani kuuliza kama amemaliza. Fanuel akamwambia alichokusudia kusema. Hamuza akasema kwamba kwao Busoga aliona harambee nyingi za wagonjwa, na nyingi zilinunua jeneza zuri. Hakulisema kwa ukali. Nyuma yake dereva alikuwa akipiga honi, mwingine akihimiza yalla, yalla, rafiki.

Fanuel alirekodi sauti, akaifuta. Akarekodi tena.

"Mwenyekiti, mimi nasema ardhi isitoke kwanza. Tumpe Jeremy mchango, na mimi nitausimamia mwenyewe. Ikishindikana, tukae tena."

Akaituma. Akavaa kofia, akarudi kwenye malori.

Jioni ile Jeremy alimtumia sauti fupi. Alimshukuru kwa kujitolea kusimamia mchango. Fanuel aliirudia kuisikiliza akitafuta kejeli ndani yake, asiipate. Ingekuwa heri aipate.

Mchango ulianza kwa nguvu. Fanuel alifungua kundi kwenye simu, akaandika maneno ya kugusa, akaweka picha ya Jeremy akiwa juu ya kamba anapunga mkono. Watu walitoa. Fridah, mama mmoja wa Namukelo aliyefanya kazi ya usafi hotelini Deira, alizunguka vyumba vya Wakenya hadi miguu ikamwuma. Hata Hamuza alitoa, na wapakuzi wa sokoni ambao hawakumjua Jeremy wala kilima chake. Kisha ukafika ule wakati ambao kila mchango hufika. Waliotoa walikuwa wametoa. Wasiotoa walisema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, kampuni moja iliyowaajiri wengi wao ilichelewesha mishahara. Mwingine akafiwa, likafunguliwa kundi jingine, na watu wakahamia huko. Fanuel aliandika kila siku. Baadaye akaona watu wanatoka kwenye kundi mmoja mmoja, kimyakimya, kama wanaoondoka kanisani kabla ya sadaka.

Kule nyumbani Jeremy alikuwa akisafishwa damu katika hospitali ya mji wa mbali, mara mbili kwa wiki. Pesa zilizokwisha kuchangwa zililiwa na mashine hiyo na gari la kumpeleka, hazikungoja India. Sauti zake zilizidi kuwa fupi. Mwanzoni alieleza habari za wagonjwa wenzake na kumwigiza nesi mmoja mwenye majivuno. Baadaye alisema tu amekwenda, amerudi. Mara moja akauliza: "Ile ya kukaa tena, mmepanga lini?" Fanuel alimjibu kwamba Mzee Henry anaumwa mafua, na kwamba bado mchango haujafungwa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kwa nini hakuomba kikao? Fridah alimwuliza hivyo baadaye, uso kwa uso. Kila juma alijiambia wiki moja zaidi. Kuomba kikao kungekuwa kukiri kwamba mchango umeshindwa, na mchango ulikuwa ndio kitu pekee kilichosimama kati yake na kura yake.

Mvua za masika zilipokuja, zilikuja zote kwa pamoja. Barabara ya kuteremka Namukelo ikawa tope jekundu, na gari lililomchukua Jeremy lilikwama mara ya kwanza, likakwama na mara ya pili. Alikosa mashine. Caren alikwenda kumwomba jirani mwenye trekta, na trekta lilipopatikana Jeremy alikuwa hawezi tena kukaa. Walimlaza kwenye godoro juu ya tela. Hawakufika lami.

Fanuel alipata habari kutoka kwa mama yake. Serah hakulia ndani ya sauti ile. Alisema Jeremy wetu amepumzika, mvua bado inanyesha, na kwamba yeye yuko kwa Caren na atalala huko. Fanuel aliisikilizia ndani ya basi la kampuni, katikati ya walinzi waliosinzia, njiani kwenda kazini. Alifika, akasimama langoni, akaandika namba za malori. Alimwomba msimamizi ruhusa ya kwenda kuzika. Msimamizi, mtu asiye mbaya, aliuliza ni ndugu yako wa damu? Fanuel akasema hapana. Akaambiwa pole, lakini ruhusa ya msiba ni ya baba, mama, mke na mtoto.

Aliona mazishi kupitia simu ya mtoto wa jirani, video iliyotumwa vipande vipande. Kaburi lilichimbwa ndani ya shamba, upande wa juu, udongo umelowa hadi wachimbaji wakateleza. Mzee Henry alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti yake ya imla. Kamati ilitambulishwa, wakasimama mstari mmoja na kofia mikononi. Mtu mmoja asiyeonekana, nyuma ya kamera, alisema kwa sauti ya chini kwamba anayekosekana hapo ni yule wa Dubai.

Ilikuwa baada ya arubaini ndipo Fanuel alipojua jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani, ingawa lilikuwemo kwenye masharti tangu mwanzo. Ahadi ya miaka kumi ilimfunga aliyeitoa. Alipokufa, warithi wake hawakufungwa. Caren hakuhitaji kuomba kamati wala kaunti wala mtu yeyote. Alikuwa na ada za shule, na madeni ya hospitali, na mtu wa mjini alikuwa bado anaitaka ile kona. Aliiuza. Mwezi uliofuata akauza na iliyobaki, akabakiza pale penye kaburi.

Ukanda ukakatika katikati, kama Fanuel alivyosema ungekatika. Kaunti ikaufuta. Wenye mashamba wakaletewa kodi yao ya miaka yote, na wale wajane na wazee waliotajwa kwenye kikao wakaanza kuuza pembe kwa pembe ili walipe. Kila kitu alichokikinga kilianguka kwa mpangilio uleule aliouogopa, tofauti ikiwa tu kwamba Jeremy naye hakuwepo. Hakuna aliyemtukana. Wengine hata walimwambia alifanya alivyoweza. Usiku kitandani Hamuza alimsikia akigeuka, na hakumrudishia maneno yake ya siku ile kuhusu harambee. Alimwambia tu, ndugu, amka tule.

Ilimchukua muda kumpigia Caren. Alitumia programu ya simu inayoruhusiwa kule, ile ya kulipia, kwa maana hakutaka kumtumia sauti. Caren alikuwa amehamia mjini, chumba cha kupanga, akiuza sukuma wiki za kununua kwa wengine. Alipokea upesi, akamsalimu kwa adabu, akamwuliza habari za kazi na joto. Fanuel alianza maneno aliyoyapanga, akayasahau, akasema tu kwamba ile kura ilikuwa yake, na kwamba angeweza kuomba kikao akakawia.

"Najua, shemeji," Caren alisema. "Jeremy pia alijua. Alisema wewe ulikuwa unamlinda mama yako, na yeye angefanya hivyohivyo."

Fanuel aliibana simu zaidi sikioni.

"Mimi sisemi angefanya hivyohivyo," Caren akaendelea, bila kupandisha sauti. "Jeremy alikuwa mwema kwako kuliko ninavyoweza mimi. Sikuchukii. Ila usinipigie tena kunijulia hali. Ukipiga namsikia yeye akiuliza mmepanga lini."

Akamtakia kazi njema, akakata.

Fanuel alijiuzulu kwenye kamati, ingawa kamati yenyewe haikuwa na cha kukagua tena. Mzee Henry alimjibu kwa kumshukuru kwa utumishi wake. Mkataba wake ulipofika mwisho hakurudi Namukelo kulima. Aliutia sahihi upya, kwa maana kodi ya shamba la mama ilikuwa imemwangukia yeye, na alikuwa akiilipa kidogokidogo kila mshahara.

Majuzi Serah alimpigia. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na Fanuel alikuwa amekaa kivulini nyuma ya mizani pamoja na Hamuza. Mama alimweleza kwamba ng'ombe mmoja amezaa. Kisha akasema wamekuja watu wawili waliovaa vizuri, wamesimama kwenye mfereji, pale palipokuwa mpaka na kwa Jeremy, sasa pana ua wa waya. Wameuliza kama mwenye shamba hili anauza. Yeye amewaambia mwenye shamba yuko Arabuni.

"Niwajibu nini wakirudi?"

Fanuel alitazama foleni ya malori. Alimwuliza kama mgongo bado unamwuma. Mama akasema si sana, ni uzee tu. Alimwuliza kama amekwenda hospitali. Akasema ataenda baada ya palizi.

"Mama," alisema, "sikiliza. Ukiugua, uza. Uza kona yoyote unayoitaka, siku hiyohiyo. Usiningoje mimi. Usimngoje mtu yeyote akuruhusu."

Upande wa pili alisikia kuku, na mtu akipasua kuni.

"Lakini mimi siumwi, mwanangu," Serah alisema.

"Sawa, mama."

"Ndama ni jike," Serah akaongeza. Fanuel akasema hiyo ni habari njema. Lori la kwanza lilipiga honi, na Hamuza akainuka kulifungulia lango peke yake, ili mwenzake amalize kuzungumza.